Barua ya wazi kwa Waheshimiwa Wabunge: mmejadili asilimia, namba mbili zimebaki pale pale

Kwa Mheshimiwa Spika wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Waheshimiwa Wabunge wote, na Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Kazi na ya Fedha,
Dodoma.

Yah: Kikokotoo cha mafao ya kustaafu ya watumishi wa umma

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mwalimu wa Hisabati katika shule ya sekondari ya Serikali mkoani Njombe, mtumishi niliyeajiriwa kabla ya mwaka 2014 na ambaye umri wa kustaafu hauko mbali. Nimefuatilia kwa karibu namna Bunge linavyolijadili suala la kikokotoo, hasa katika vikao vya bajeti vya Aprili hadi Juni, na ni haki niseme mapema kwamba baadhi yenu mmelisemea jambo hili kwa uchungu wa kweli, bila kujali mmekaa upande gani wa ukumbi. Bila sauti zenu kiwango cha mkupuo, yaani sehemu ya mafao ambayo mstaafu hulipwa mara moja, kisingetoka asilimia 33 kwenda 40. Pamoja na shukrani hiyo, lipo jambo ambalo sijalisikia likipewa uzito linaoustahili: mjadala karibu wote umezunguka asilimia ya mkupuo, ilhali kikokotoo kina namba tatu, na mbili kati ya hizo zilibadilishwa kwa hasara ya mtumishi, zikaachwa hivyo hivyo hata asilimia ilipopandishwa.

Kwa kuwa wapo kati yenu mlioingia bungeni juzi, nieleze tulikotoka kwa kifupi. Wanachama wa mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF, yaani walimu, wauguzi, maofisa wa halmashauri na watumishi wengi wa Serikali Kuu, walikuwa wakistaafu hulipwa nusu ya mafao yao kwa mkupuo na nusu nyingine kama pensheni ya kila mwezi. Wanachama wa PPF na NSSF walilipwa mkupuo wa asilimia 25. Ulipofanyika uwianishaji wa mafao mwaka 2014, yaani kuyafanya mafao ya mifuko yote yafanane, kanuni mpya ziliwekwa kwa ajili ya watakaojiunga kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo, na sisi tuliokuwa kazini tayari tukaachiwa masharti tuliyoajiriwa nayo. Mwaka 2018 ikaja Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, mifuko minne ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF ikaunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni zilizofuata zikatuweka wote katika asilimia 25, wa zamani na wapya. Malalamiko yalipokuwa makubwa, tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi Ikulu, Dar es Salaam, akaagiza kila mtu aendelee na kikokotoo cha mfuko wake wa awali katika kipindi cha mpito hadi mwaka 2023. Kabla 2023 haijafika, tarehe 1 Julai 2022, kikaanza kikokotoo kipya cha asilimia 33 kwa wote. Hatimaye, katika hotuba ya bajeti ya Juni 2024, Waziri wa Fedha wa wakati ule, Dkt. Mwigulu Nchemba, alitangaza kwamba waliokuwa na asilimia 50 watalipwa 40, na waliokuwa na asilimia 25 watalipwa 35.

Makofi yalipigwa. Nami nilifurahi, kisha nikachukua karatasi.

Fomula ya zamani ya PSPF na LAPF ilikuwa hivi: idadi ya miezi uliyochangia hugawanywa kwa 540, jibu huzidishwa kwa mshahara wa mwaka, na hapo hupatikana pensheni kamili ya mwaka. Nusu ya pensheni hiyo huzidishwa kwa 15.5 ili kupata mkupuo, na nusu iliyobaki hugawanywa kwa 12 ili kupata pensheni ya mwezi. Fomula ya sasa hugawanya miezi kwa 580, na sehemu ya mkupuo huzidishwa kwa 12.5. Namba ya kwanza huamua kila mwezi wa utumishi una thamani gani: kwa 540, mtu aliyechangia kwa miaka 36 alistahili pensheni kamili ya asilimia 80 ya mshahara wake, kwa 580, utumishi ule ule unampa asilimia 74 na ushee. Namba ya pili huamua kila shilingi ya pensheni ya mwaka unayoiachia Mfuko utalipwa shilingi ngapi mkononi. Zamani ulilipwa 15 na nusu, leo unalipwa 12 na nusu.

Chukueni mtumishi aliyechangia miezi 360, yaani miaka 30, ambaye mshahara wake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Nimechagua kiwango hicho ili hesabu iwe nyepesi kufuatwa, ingawa walimu wengi watacheka wakikisoma. Kwa kikokotoo cha zamani, mtumishi huyu angelipwa mkupuo wa shilingi 62,000,000 na pensheni ya shilingi 333,333 kila mwezi. Kwa kikokotoo cha sasa cha asilimia 40, analipwa mkupuo wa shilingi 37,241,379 na pensheni ya shilingi 372,414. Amepungukiwa shilingi 24,758,621 katika mkupuo, na ameongezewa shilingi 39,081 kwa mwezi.

Maelezo ambayo mmekuwa mkipewa na Serikali, na ambayo baadhi yenu mmeyarudia majimboni, ni kwamba mstaafu hapotezi kitu kwa kuwa kilichopunguzwa kwenye mkupuo kimehamishiwa kwenye pensheni yake ya mwezi. Hebu gawanyeni ile milioni 24.7 kwa hiyo nyongeza ya 39,081. Jibu ni miezi 633, ambayo ni miaka 52 na miezi tisa. Mtumishi anayestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 atalazimika kuishi hadi atimize miaka 112 ndipo nyongeza hiyo ifidie kilichokatwa, na hapo sijahesabu mfumuko wa bei. Nimerudia hesabu hii mara kadhaa na nimewapa walimu wenzangu waikague. Anayeona kosa na anionyeshe.

Sasa nawaomba mfanye jaribio moja ambalo kwangu ndilo kiini cha barua hii. Tuseme Bunge limeshinda kabisa, Serikali imekubali kurudisha asilimia 50 kama ilivyokuwa, lakini 580 na 12.5 zimebaki. Mtumishi wetu wa miaka 30 angelipwa mkupuo wa shilingi 46,551,724 na pensheni ya shilingi 310,345 kwa mwezi. Mkupuo huo ni pungufu kwa zaidi ya milioni 15 kuliko wa zamani, na pensheni ya mwezi nayo ni pungufu kwa karibu shilingi 23,000. Amepoteza pande zote mbili, na asilimia ni ile ile aliyokuwa akiidai. Katika zile milioni 24.7 zinazokatwa leo, milioni 12.4 ndizo zinazotokana na asilimia kushuka kutoka 50 hadi 40. Zilizobaki, ambazo nazo ni milioni 12 na ushee, zinatokana na namba mbili ambazo ni nadra kuzisikia zikitajwa bungeni. Kubishania asilimia peke yake ni kubishania bei ya mahindi huku debe limebonyezwa.

Ipo pia tofauti ya nne, ambayo nitaipitia haraka. PSPF ilitazama mshahara wa mwisho. PSSSF hutumia wastani wa miaka mitatu yenye mshahara mzuri zaidi ndani ya miaka kumi ya mwisho. Katika nchi ambayo kuanzia mwaka 2016 watumishi walikaa miaka kadhaa bila nyongeza ya mshahara, na wengine bila kupandishwa madaraja waliyostahili, wastani huo una maana yake. Katika mfano wangu nimeuacha mshahara uwe ule ule kwa pande zote mbili, kwa hiyo pengo nililoonyesha ni dogo kuliko wanalokutana nalo wengi.

Waheshimiwa, mkupuo si anasa kwa mtumishi wa umma, na mkitaka kulielewa hilo tazameni maisha yake yalivyopangwa. Mwalimu wa shule ya vijijini huishi nyumba ya shule au ya kupanga, huhamishwa kituo hata mara nne au tano, hukatwa mkopo wa benki na wa SACCOS hadi mshahara unaobaki ugote kwenye theluthi moja inayoruhusiwa, na ujenzi wake huenda kwa mtindo wa msingi mwaka huu, tofali mwaka ujao. Mkopo wa nyumba wa muda mrefu kwake ni habari ya kusoma gazetini. Siku anayostaafu hukabidhi nyumba ya shule, na mkupuo ndio unaotakiwa kumpa paa la kwanza la maisha yake pamoja na kitu cha kumwingizia kipato, iwe ni mashine ya kusaga, ng'ombe wawili wa maziwa au shamba la parachichi.

Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, mzee wetu pale shuleni, alinijia ofisini na bahasha ya kaki yenye barua yake ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na za kupandishwa vyeo, juu yake akiwa ameweka hati ya mshahara wa mwezi uliopita. Alitaka nimkokotolee. Katika karatasi ya kaunta buku iliyokunjwa mara nne alikuwa na makadirio ya fundi: nyumba yake imefika kwenye lenta, na orodha ilishuka kutoka mbao za kenchi, bati na misumari hadi milango, plasta na tangi la maji. Nilipomwonyesha jibu aliniambia, "Mwalimu, hebu rudia, utakuwa umesahau sifuri." Nikarudia mbele yake. Alichukua kalamu nyekundu niliyokuwa nasahihishia madaftari, akaanza kufuta vitu katika ile orodha ya fundi kuanzia chini: tangi, plasta, milango ya ndani. Alipofika kwenye bati akasimama, akaikunja karatasi akaondoka, na hadi leo hajanieleza ameamua nini.

Hoja kwamba mstaafu akipewa fedha nyingi kwa pamoja atazitapanya nimeisikia mara nyingi, na nakiri wapo waliooa upya wakafilisika, na wapo waliotapeliwa kwa simu na watu wanaojifanya maofisa wa mfuko. Lakini mtu aliyeaminiwa kulinda mitihani ya Taifa, au kutunza dawa za zahanati kwa miaka 30, anakuwaje mtoto ghafla siku anapotimiza miaka 60? Nanyi Waheshimiwa hulipwa kiinua mgongo chenu kwa mkupuo kila mwisho wa muhula wa miaka mitano, na sijasikia kanuni inayopendekeza mgawiwe kidogo kidogo ili msije mkazitapanya.

Hoja nzito ni ya uhai wa Mfuko, na hii siibezi. Kikokotoo cha zamani cha PSPF kilikuwa cha ukarimu kuliko michango ilivyoweza kubeba, na ni kweli kwamba waliotoka PPF na NSSF wamenufaika, kwani wamepanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Mwalimu wa Hisabati hawezi kudai mfuko ulipe kisichokuwepo. Lakini tuulizane pengo lilitokana na nini. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa Serikali hawakuwa wakichangia. Pensheni zao zilikuwa jukumu la Hazina. Sheria ilipowaingiza katika PSPF, Mfuko ukaanza kuwalipa kwa miaka ambayo haukupokea mchango wao hata shilingi, na Serikali iliyopaswa kufidia miaka hiyo ikachelewa. Deni hilo lilipohakikiwa lilikuwa takriban shilingi trilioni 4.46, na katika mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilitoa hatifungani maalumu isiyo taslimu, yaani hati ya ahadi ya kulipa baadaye, ya shilingi trilioni 2.17, ambayo ni chini ya nusu. Hatua hiyo ni ya kupongezwa kwa sababu waliotangulia hawakuifanya. Hata hivyo haiwezi kusemwa kwamba Mfuko ulidhoofishwa na mkupuo wa mwalimu.

Ongezeni hapo fedha za mifuko zilizokwenda kwenye miradi ya Serikali. Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho baadhi yenu mnakiona kwa mbali mkitoka bungeni, kilijengwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii, na ni chuo ninachokipenda kwa sababu wanafunzi wangu wengi wamesoma pale. Ninachosema ni kwamba fedha hizo zilikuwa za wanachama. Kila mwezi mtumishi hukatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri wake huongeza asilimia 15, na makato hayo hayajawahi kuchelewa kutoka kwenye hati yangu ya mshahara hata mwezi mmoja. Deni la Serikali linapochelewa kwa miaka na riba yake ikabishaniwa, kisha namba za kikokotoo zikashushwa kwa jina la uendelevu, aliyelipa kwa wakati ndiye anayeadhibiwa kwa ajili ya aliyechelewa.

Lipo jambo jingine ambalo kwa wadhifa wenu lingepaswa kuwakera kuliko linavyotukera sisi. Namba hizi zote, asilimia, 580 na 12.5, huwekwa kwa kanuni anazotengeneza Waziri. Bunge limekijadili kikokotoo tangu 2018, mmeuliza maswali ya msingi na ya nyongeza, mmeshika shilingi ya mshahara wa Waziri, mmepewa ahadi, lakini siku namba zenyewe zilipobadilishwa hakuna aliyesema "ndiyo" wala "siyo" ndani ya ukumbi. Ndiyo maana mtumishi ameishi chini ya vikokotoo vinne ndani ya miaka sita: cha mfuko wake, cha kanuni za 2018 kilichositishwa, cha 2022 na cha 2024. Mtu anayepanga maisha yake ya uzeeni akiwa na miaka 45 apange kwa kutumia kipi?

Naomba kwanza Serikali iiwasilishe mezani tathmini ya hivi karibuni ya uhai na uendelevu wa PSSSF, isomwe na Kamati ya Hesabu za Serikali na kuwekwa wazi kwa wanachama ambao fedha ni zao. Ndani yake tutaona mstaafu wa Tanzania hulipwa pensheni kwa wastani wa miaka mingapi kabla ya kufariki, na hapo tutajua kama 12.5 ina msingi wa kitaalamu au ni namba iliyochaguliwa kwa sababu inapunguza malipo. Ikionekana ina msingi, nitakuwa wa kwanza kuwaeleza walimu wenzangu. Hadi sasa tumeelezwa tu kwamba wataalamu wameshauri, na wataalamu hao hatujaona karatasi yao.

Pili, fomula iondolewe kwenye kanuni na kuingizwa kwenye Sheria yenyewe, kama jedwali, ili isibadilishwe tena bila muswada kusomwa, wadau kuitwa mbele ya Kamati na Wabunge kupiga kura. Kama siku moja mtaona ni lazima mafao yapunguzwe, pigeni kura, majina yenu yaandikwe kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, nasi tutajua ni nani aliyeamua.

Tatu, walioajiriwa kabla ya tarehe 1 Julai 2014 warudishiwe 540 na 15.5. Hili si ombi la upendeleo, kwa sababu ndivyo uwianishaji wa 2014 ulivyowaahidi, na kundi hilo linapungua kila mwaka kwa kustaafu na kwa kufa, kwa hiyo gharama yake ina mwisho unaoweza kuhesabiwa. Kama Mfuko hauna uwezo wa kuibeba tofauti hiyo peke yake, sehemu ya deni la kabla ya 1999 ambayo bado haijalipwa ndiyo mahali pa kuanzia kuitafuta.

La mwisho linawahusu waliokwisha kustaafu, ambao hawana chama chenye nguvu na hawawezi kugoma. Kama Serikali inaamini kweli kwamba pensheni ya mwezi ni bora kuliko mkupuo, basi pensheni hiyo isiachwe iliwe na bei za sokoni. Kwa mfumuko wa takriban asilimia 3 kwa mwaka, kiwango ambacho Serikali hukitaja kwa fahari kama ushahidi wa uchumi tulivu, ile 372,414 ya mtumishi wetu itakuwa na uwezo wa kununua wa shilingi 277,000 za leo baada ya miaka kumi, isipoongezwa. Ile nyongeza ya 39,081 aliyoambiwa ndiyo fidia ya mkupuo wake itakuwa imemezwa kabla ya mwaka wa nne wa kustaafu kwisha. Sheria iweke nyongeza ya kila mwaka inayofuata mfumuko wa bei unaotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, itokee yenyewe, bila mstaafu kusubiri Mei Mosi apate huruma ya mgeni rasmi.

Nimetumia mfano mmoja wa mshahara mmoja ili barua isiwe ndefu. Mbunge yeyote anayetaka anaweza kuchukua hati ya mshahara ya mwalimu, muuguzi au ofisa kilimo wa jimboni kwake, afanye hesabu hii upande mmoja kwa 540 na 15.5 na upande wa pili kwa 580 na 12.5, kisha aende na majibu yote mawili kwenye kipindi cha maswali na kumuuliza Waziri tofauti hiyo imekwenda wapi.

Wenu katika utumishi wa umma,

Mwalimu wa Hisabati,
Mkoa wa Njombe.